Aliyemwita Mteja

Saa ya watu kutoka kazini, kituo cha Bloor-Yonge hakina adabu. Wanaotoka mashariki na magharibi hupanda ngazi wakakutana na wanaokwenda kaskazini na kusini, na kila mmoja anajiona ndiye mwenye haraka kuliko wenzake. Jioni hiyo ya Septemba, Domina Rweyemamu alikuwa katikati ya msongamano, koti la rangi ya ugoro limembana kiunoni, skafu ya kitenge cha njano shingoni, na kwapani amebana mrija mrefu wa kadibodi. Mlango wa treni ulipofunguka, umati ukamsukuma ndani kama gunia la kahawa. Mlango ukafungwa. Ndipo alipoona mrija wake umebaki nje, unabingirika jukwaani.

"Mungu wangu! Ramani zangu!" alipiga kelele kwa Kiswahili, maana mtu akishtuka hachagui lugha.

Mwanamume mmoja mrefu wa asili ya Kihindi, shati jeupe limekunjwa mikono, miwani imemshuka puani, aliinama akauokota. Akamtazama Domina kupitia kioo, akapanua mdomo na kutamka taratibu ili midomo yake isomeke:

"Shuka! Kituo! Kijacho!"

Domina alidhani amesikia vibaya. Lakini alishuka Wellesley, akasubiri huku moyo ukimdunda, na treni iliyofuata ilipofika, yule bwana akatoka amekumbatia mrija kama mtoto mchanga.

"Dada, mzigo wako huu. Umenipitisha kituo changu, lakini silalamiki."

"Asante sana, kaka yangu. Sasa Kiswahili umekitoa wapi?"

"Nimezaliwa nacho. Mwanza, Mtaa wa Rufiji. Tulihamia huku nikiwa na miaka kumi na mbili. Naitwa Naeem."

"Mimi Domina. Kwetu Bukoba."

"Aaa! Mhaya!" Naeem alicheka, meno yote nje. "Ndiyo maana hata kelele umepiga kwa maringo."

"Endelea tu. Najua unakoelekea. Utaishia kutuita nshomile, wasomi wenye kujidai."

"Mimi sijasema. Umejitaja mwenyewe."

Wakacheka pale jukwaani, watu wakiwapita kulia na kushoto. Naeem alitaka kujua ni ramani gani hizo za kumtoa mtu roho. Domina akamweleza kwamba yeye ni mtafiti wa historia ya miji, amepewa mkataba wa kuandaa maonyesho juu ya mipango ya kwanza ya treni za chini ya ardhi za Toronto, zile za kabla hata ya shimo la kwanza kuchimbwa. Mle mrijani mlikuwa na nakala za michoro ya zaidi ya miaka mia iliyopita, na alikuwa akitafuta mtu wa kuzichapa kwa ukubwa wa ukuta.

Naeem alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Dada Domina, wewe unaamini bahati?"

"Kwa nini?"

"Familia yetu ina duka la kuchapa. Agincourt. Mabango, kadi, ramani, chochote."

*

Duka lilikuwa kwenye safu ya maduka, baina ya kinyozi na mwuza vitambaa, na ndani mlinukia wino na chai ya tangawizi. Domina alikuja siku ya kwanza kwa ajili ya kazi. Siku ya pili alikuja kukagua rangi. Baada ya hapo hakuhitaji tena sababu, ingawa kila mara aliibuni.

Jioni walifungua michoro juu ya meza ndefu, vichwa vimekaribiana.

"Ona hapa," Domina alisema, kidole kikifuata mstari mwekundu. "Mwaka 1910 wahandisi waliandika ripoti: jijengeeni reli chini ya ardhi, barabara zenu zimejaa mabehewa. Hata watu walipoulizwa kama wanaitaka, wakakubali. Basi 1912 wakaambiwa wapige kura kupitisha gharama. Unajua walisema nini?"

"Walisema bei kubwa. Wateja wote ni wale wale."

"Walikataa! Wakaja kukubali baada ya vita kuu ya pili, 1946. Treni ya kwanza ikapita 1954. Fikiria waliopiga kura ya hapana wakiwa vijana, wamepanda wakiwa wazee wenye mikongojo."

"Labda walikuwa hawajawa tayari."

"Au waliogopa, kisha wakauita woga busara."

Naeem alimtazama kwa pembeni, namna nywele zake zilizosukwa zilivyomwangukia shavuni, na hakuwa akiwaza treni hata kidogo.

Jumapili moja ya Oktoba, baada ya Domina kutoka misa ya Kiswahili, walitembea juu ya daraja kubwa la Bloor, bonde chini yake likiwaka rangi za majani. Domina alivaa gauni la bluu la kufika kwenye vifundo, Naeem sweta la kijivu alilofumiwa na mama yake. Ghafla sakafu ya daraja ikatetemeka.

"Inapita chini ya miguu yetu," Domina alisema. "Daraja hili lilikamilika 1918, na tayari lilikuwa limejengewa nafasi ya treni huku chini. Mji wenyewe ulikuwa umekataa reli, lakini waliolichora daraja wakasisitiza. Treni zikaja kupita 1966."

"Walisubiri miaka yote hiyo?"

"Lakini waliweka nafasi. Ndicho ninachokipenda."

Naeem alimshika mkono. Kiganja chake kilikuwa na doa la wino lisilotoka.

"Domina, mimi si mtu wa maneno mengi."

"Uongo. Unaongea kama redio."

"Ya mzaha, ndiyo. Ya moyoni yanakwama hapa." Aligusa koo. "Nakupenda. Haya, yametoka."

Domina alifungua mkoba, akatoa kifuko kidogo, akamwambia afumbe macho na kupanua mdomo. Naeem akatii. Akatafuna, akasita, akatafuna tena.

"Nini hiki?"

"Senene. Panzi wa kukaanga, mama kanitumia kutoka Bukoba. Kwetu hupewi na mtu asiyekupenda."

*

Basi wakapendana, mapenzi ya watu wazima wenye kazi, ya kuibia muda. Walikula mihogo ya kukaanga na kuku wa nazi kwenye mkahawa mmoja wa Scarborough, walisafiri kwenye basi refu bila kwenda popote, na simu zao hazikupoa.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, bwana wino?"

"Nakula sauti yako."

"Utakonda."

Lakini kulikuwa na kitu Domina alikiona na akajifanya hakioni. Alikuwa hajawahi kufika nyumbani kwa kina Naeem. Baba yake, Mzee Ramzanali, alikuwa mgonjwa wa figo, na Naeem ndiye aliyempeleka hospitali kusafishwa damu, kila baada ya siku moja. Mama yake, Bi Shafina, hakujua kuendesha gari. Kila Domina alipogusia kuwaona wazee, jibu lilikuwa moja: "Ngoja baba apate nafuu."

Sababu ya kweli ilikuwa nyingine. Zamani dada yake Naeem, Karima, aliolewa na kijana asiye wa madhehebu yao ya Ismailia, na Mzee Ramzanali akakata kusema naye kwa miaka miwili. Naeem aliyaona machozi ya mama yake kila Ijumaa walipokwenda jamatkhana, nyumba yao ya ibada, bila Karima. Aliapa kwamba hatamletea mama yake msiba kama ule. Hayo hakumwambia Domina, wala hakumwuliza baba yake kama bado ni mtu yule yule.

Bosibori, Mkisii aliyekuwa akiishi na Domina kwenye ghorofa moja la Scarborough, hakuwa na subira.

"Wewe, huyo chali anakuficha," alisema akimenya vitunguu. "Mtu akikupenda anakuanika kama nguo safi."

"Baba yake ni mgonjwa, Bosibori."

"Si kila mtu ana mzazi? Mwambie akuje na wao kwa hayo maonyesho yako. Uone kama ataleta ama ataleta story."

Domina akampigia Naeem simu hapo hapo, na Naeem akasema, "Nitawaleta. Nakuahidi."

*

Maonyesho yalifunguliwa Januari, katika ukumbi mmoja usio mbali na Mtaa wa Queen, pale ambapo siku hizi barabara imefungwa na mashine zinachimba njia mpya. Ramani zilizochapwa Agincourt zilijaa kuta. Watu walisimama hasa mbele ya mchoro wa kituo kilichojengwa nusu chini ya kituo cha Queen, ambacho hakijawahi kupokea treni hata moja.

Domina alivaa gauni la kitenge cha kijani lenye mabega yaliyoinuka, hereni za shaba, na midomo ameipaka rangi ya zambarau. Wageni walimpongeza, wapigapicha wakamzunguka, lakini macho yake yalikuwa mlangoni.

Wakaja. Mzee Ramzanali kwenye kiti cha magurudumu, kofia ya sufi kichwani, suti yake ya zamani imempwaya. Bi Shafina kando, kajitanda mtandio wa dupatta wa rangi ya maziwa. Naeem anasukuma, uso umemkauka.

Domina aliwaendea, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa kwao.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, binti," mzee alijibu kwa Kiswahili cha Mwanza kilichonyooka. Akamtazama Domina kwa utulivu, kisha akageuza shingo kumtazama mwanawe. "Naeem, nani huyu?"

Swali lilikuwa jepesi. Naeem alimwona mama yake amesimama na mkoba kifuani, akamwona Karima wa miaka ile, akaona kila kitu isipokuwa mwanamke aliyekuwa mbele yake.

"Ni mteja wetu, baba," alisema. "Zile ramani kubwa. Mteja."

Domina hakubadilika uso. Watu wa kwao hawalii mbele za wageni. "Ndiyo, baba," alisema. "Mwanao kanichapia vizuri sana. Karibuni mtazame." Akawatembeza ramani kwa ramani, akawaeleza wahandisi, kura na daraja, sauti haikumtetemeka mpaka walipoondoka. Kisha akaingia chooni, akafungua bomba la maji mpaka mwisho ili asisikike.

*

Simu ya Naeem ililia kesho yake na siku zilizofuata, Domina hapokei. Alipopokea, ilikuwa kwa maneno machache.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Mteja, unataka kusema? Kazi imekamilika, bwana Naeem. Nimeridhika nayo."

"Nilibanwa! Hujui yaliyotokea kwetu zamani."

"Sijui kwa sababu hukunieleza. Hivi ulifikiri ningekucheka?"

"Nipe muda baba apone."

"Baba hatapona figo, Naeem. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Unamtumia baba yako kama mlango wa kujifichia."

Akakata. Naeem angeweza kupanda gari hapo hapo, maana kwa Domina si mbali. Alivaa hata koti. Lakini baba yake alikuwa akitapika siku ile, na siku ya pili theluji ilifunga barabara, na ya tatu akajiambia hasira za mwanamke hupoa zenyewe. Wiki zikaenda.

Katika wiki hizo Domina alipata simu kutoka Dar es Salaam. Ofisi moja ya mipango ya usafiri ilimtaka. Mkataba wake Toronto ulikuwa unaisha pamoja na maonyesho, na huko Bukoba macho ya mama yake yalikuwa yakififia. Aliomba wapige tena baada ya siku chache. Siku hizo zote alilala na simu kando ya mto. Naeem hakupiga. Ofisi ilipopiga tena, alisema ndiyo.

*

Wiki ya mwisho ya maonyesho, mchana, Domina alisikia magurudumu yakilia kwenye sakafu. Alikuwa Mzee Ramzanali, safari hii anasukumwa na Karima, mwanamke mnene mwenye macho ya kucheka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karima, kanitafutie maji." Karima akaelewa, akawaacha. Mzee akashusha pumzi. "Binti yangu, mimi ni muuza duka. Muuza duka anajua mteja na anajua asiye mteja. Mwanamume hanyoi ndevu mara mbili kwa siku kwa ajili ya mteja."

Domina akainama chini.

"Siku ile nilijua. Nilijua tangu Oktoba, maana alikuwa akiimba dukani. Nilimwuliza makusudi, ili aseme. Nilitaka nimsikie akisema, nami nikubariki pale pale mbele za watu." Mikono yake, iliyojaa alama za sindano, ilikuwa ikipapasa kofia. "Aliposema mteja, nikajua kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuniogopa. Nilimnunia Karima miaka miwili, nikamkosa mjukuu wangu wa kwanza akianza kutembea. Niliomba radhi kwa Karima. Kwa Naeem sikujua kama nadaiwa."

"Baba, hukunikosea wewe."

"Nimekukosea. Bado unampenda?"

Domina akaitikia kwa kichwa, na hapo machozi aliyoyafungia chooni Januari yakamtoka mbele ya ramani na watu.

*

Baba yake alipomweleza, Naeem alikuja jioni ile ile, amekimbia kutoka kituoni, koti wazi, hana kofia katika baridi ya Machi. Alipiga magoti ukumbini, mlinzi akidhani ameanguka.

"Inuka, watu wanatazama."

"Watazame. Huyu ni Domina," alimwambia yule mlinzi, ambaye hakuelewa hata neno moja. "Ni mpenzi wangu. Nilimkana. Mimi mjinga."

Domina alicheka huku akilia, akamwinua, wakakumbatiana kwa muda mrefu. Kisha akamwambia habari za Dar es Salaam.

Naeem alikaa kwenye benchi kama mtu aliyepigwa.

"Lini ulikubali?"

"Mwezi uliopita. Nilikusubiri upige. Siku zile ungepiga, Naeem, ningewaambia hapana."

"Waambie sasa."

"Mama haoni vizuri tena. Nimemwambia nakuja kumchukua tukaishi Dar, ameshafunga mizigo. Nimvunje moyo yeye ili nikutengeneze wewe? Njoo wewe."

"Baba..." alianza. Safari hii halikuwa neno la kujificha. Mzee alihitaji kupelekwa hospitali, Karima alikuwa na watoto na kazi, na mama hakuendesha. Wote wawili walilitazama jambo hilo kila upande, na hapakuwa na upande ulio wazi.

Walipewa wiki tatu. Walizitumia zote. Lakini Domina hakwenda kunywa chai kwa Bi Shafina hata katika wiki hizo, kwa sababu mzee alilazwa, na nyumba ikawa haina mtu. Uwanja wa ndege Naeem alimfunga skafu shingoni ingawa alikokuwa akienda ni joto.

"Tutaongea kila siku," alisema.

"Tutaongea," Domina alijibu, akimtazama usoni kama anayengoja neno lingine. Foleni ikasogea. Naeem akambusu paji la uso, na hakusema zaidi.

*

Waliongea kila siku kweli. Kisha kila wiki. Kisha wakawa wanatumiana picha: Naeem theluji, Domina mama yake amevaa miwani myeusi. Mzee Ramzanali alifariki majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata, usingizini, Karima na Naeem wamemshika mkono huku na huku. Domina alipiga simu, akalia na Bi Shafina, wanawake wawili waliokutana mara moja tu.

Siku za msiba zilipokwisha, Naeem alipatana na shemeji yake amwachie duka, akatafuta ndege ya Dar es Salaam. Asubuhi moja, kabla ya kufungua duka, akampigia Domina. Huko ilikuwa alasiri, na nyuma ya sauti yake palisikika honi za magari.

"Laazizi, keti chini. Nakuja."

"Unakuja wapi?"

"Kwako. Kuishi. Baba amenipa ruhusa ya mwisho, sina tena cha kunizuia."

Upande wa pili honi ziliendelea kulia.

"Naeem," Domina alisema taratibu. "Nimeposwa. Mwezi uliopita. Anaitwa Methodius, daktari wa macho wa mama. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia, halafu baba akafariki, nikaona nisikuongezee."

Naeem alishika ukingo wa meza. "Lakini mimi na wewe... Nilikuwa namsubiri mzee tu. Nilikuwa nakuja."

"Hukuniambia nisubiri."

"Nilidhani unajua."

"Pale uwanja wa ndege nilikutazama uniambie. Ungesema, 'Domina, nisubiri,' ningesubiri mpaka nywele ziwe nyeupe. Kila simu nilingoja. Tuliongea hali ya hewa, tukaongea dawa za baba, tukaongea bei ya wino." Sauti yake ikakatika. "Mambo mengine mtu hayajui mpaka aambiwe."

"Unampenda?"

"Ni mtu mwema. Alikuja nyumbani siku ya kwanza, akamwambia mama anachokitaka." Akavuta pumzi. "Nitampenda. Nimeshaanza."

Naeem angeweza kumsihi, na huenda angemyumbisha. Alifikiria hilo, mdomo wazi. Kisha akasema neno gumu kuliko yote aliyopata kusema, na safari hii halikukwama:

"Basi Mungu awabariki, Domina. Wewe ulistahili mtu wa kusema."

"Na wewe ujifunze kusema, Naeem. Tafadhali. Kwa yeyote atakayekuja."

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata simu. Mwishowe mtu aliita jina la Domina huko Dar es Salaam, na simu ikanyamaza.

Naeem hakufungua duka siku ile. Alirudi nyumbani, akamkuta mama yake jikoni na sufuria ya chai, shela nyeupe ya eda begani. Bi Shafina alimwona uso, akavuta kiti.

"Kumetokea nini, mwanangu?"

Naeem akamwambia. Alianza na kelele za kituo cha Bloor-Yonge, na mara hii hakuruka kitu: senene, daraja linalotetemeka, jibu alilompa baba yake ukumbini, foleni ya uwanja wa ndege. Mama yake hakumkatiza. Chai ilichemka ikapungua.

Alipomaliza, Bi Shafina alifuta macho kwa upindo wa shela.

"Ungemleta hapa," alisema. "Ningempenda."

"Najua, mama."

"Hukujua. Ungejua ungemleta." Akamimina chai kwenye vikombe viwili, akasukuma kimoja mbele yake. "Haya, niambie. Alikuwa anapenda kula nini?"

Naeem akashika kikombe kwa mikono miwili, akaanza kumweleza mama yake habari za Domina.